Gitaa ya Katanga: kutoka sahani ya gramofoni mpaka simu yangu

Leo naomba niwapeleke Likasi, mwaka 1952. Wakati ule muji uliitwa Jadotville. Hugh Tracey, Mzungu mmoja aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimukuta pale kijana wa Bunkeya, wa ukoo wa Bayeke, jina lake Mwenda Jean-Bosco. Alizaliwa 1930. Alikuwa na gitaa tu, hakuna bendi, hakuna ngoma nyuma yake. Wimbo wake Masanga ukatoka kwenye sahani ya gramofoni, na ile sahani ikasafiri mbele ya mwenyewe.

Ilifika mpaka Kenya. Kule vijana walikuwa wanasikiliza, wanarudisha sindano nyuma, wanasikiliza tena, wanajaribu kwenye gitaa zao. Lugha ilisaidia: Bosco aliimba Kiswahili chetu cha Katanga, na watu walishika maneno mengi. Mwaka 1959 yeye mwenyewe akaenda Nairobi. Edouard Masengo, mwana-Katanga mwingine, naye akafanya kazi kule. Kwa hiyo tukisema leo kwamba kujifunza muziki kwa mtu ambaye hujamuona ni jambo la kizazi cha simu, tunakosea. Bazee walishafanya zamani.

Lakini sahani ilikuwa na kasoro moja: ilificha mkono. Ukimsikia Bosco unaweza kuapa kwamba ni watu wawili wanapiga. Mtaalamu mmoja, David Rycroft, aliandika uchambuzi mrefu wa ile gitaa mwanzoni mwa miaka ya 1960, noti kwa noti. Mwengine, John Low, alikuja kwetu Shaba kukaa na wapiga gitaa wenyewe, na kitabu chake kikatoka 1982. Safari yote ile, ili aone vidole.

Mimi nilidhani simu imemaliza hiyo shida. Nilianza gitaa wakati masomo yalisimama chuoni. Nilinunua mega za usiku, juu ndizo za bei nafuu, na kwenye YouTube nikapata Mzungu anayepiga Masanga polepole, kamera karibu na mkono. Nikapunguza mwendo wa video mpaka nusu. Miezi mitatu! Halafu nikajirekodi, nikaweka kwenye Facebook. Sifa zikanyesha. Wenzangu wa promosheni wakaanza kuniita Bosco, na mimi, nakiri, nilianza kuitika.

Ile video ikapita kwenye WhatsApp, ikafika kwa mzee mmoja wa familia yetu kule Kikula, Likasi. Akanitumia sauti fupi:

"Mutoto, uko unapiga na vidole ngapi?"

Nikamujibu: "Vine, nkambo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sisi tulikuwa na viwili."

Nikapanda gari, kilomita kama 120 toka Lubumbashi. Gitaa yake ilikosa uzi mmoja. Akaweka kidole gumba kwenye nyuzi nene, kile cha shahada kwenye nyembamba, vingine akavikunja tu. Gumba lilikuwa linatembea bila kusimama, sawa mtu anayekwenda kazini, na kidole cha shahada kinacheza juu yake, kinachelewa kidogo, kinarudi. Ile kuchelewa njo nilikuwa sijawahi kuisikia. Na vidole vine nilikuwa napanga kila noti mahali pake, safi kabisa, na wimbo unakufa. Nilipojaribu na viwili, nikawa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Haya ilinishika, sitaficha.

Simulaumu yule Mzungu wa video. Alifundisha alichojua, na heshima, na bila yeye nisingegusa ile gitaa. Swali ni letu. Bosco alikufa 1990, katika ajali ya gari kule Zambia. Wale waliopiga naye wanaisha mmoja mmoja, na sisi wenye simu kila mukononi tunafilimu sahani za chakula kwenye ndoa. Mimi pia.

Siku ile nilifilimu mkono wa mzee, dakika sita, na ruhusa yake. Nikaiweka mtandaoni. Video yangu ya vidole vine ilikuwa imepata watu mamia. Ya mzee ilipata 41. Katika wale 41, mmoja akaandika kutoka Kenya, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu: gumba linaanza kwenye uzi gani pale wimbo unaporudi mwanzo?

Sikujua. Nikamupigia mzee simu.

"Hiyo haisemwi kwa telefone," akasema. "Kuya. Na ulete uzi."

Naenda Jumamosi. Uzi niko nao tayari.