Kabla ya Karatasi

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanachuo wa ualimu kwamba ubishi juu ya matuta ya ngazi hapa Uluguru ulianza mwaka 1955. Julai mwaka huo watu walikusanyika Matombo kuyapinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango wa serikali wa kuhifadhi ardhi ukavunjika. Kwangu huo ndio ulikuwa mwanzo.

Nilipostaafu na kurudi Kinole, makao ya Chifu Kingalu, nilitaka kujua zaidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilikwenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupekua Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza Januari 1923. Wasomaji wa kila pembe ya Tanganyika walilipelekea barua, mashairi na habari za kwao. Lilikuwa baraza hasa. Lakini katika kurasa nilizofungua, sikuikuta sauti ya mkulima wa kwetu aliyeyakataa matuta. Baraza lilikuwa na bawabu, na bawabu ni yule yule aliyeamuru matuta yachimbwe.

Nilirudi nikamweleza mama yangu mdogo, ajuza aliyekwisha pita miaka tisini. Akacheka.

“Mwanangu, sisi tulianza kusema siku ile ile udongo mwekundu ulipotoka juu.”

Akanieleza. Milimani kwetu udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi, unaufukia ule mzuri na kupanda mahindi juu ya ule usiozaa. Wanawake waliyasema hayo kisimani na misibani, muda mrefu kabla ya Matombo.

Kisha akanyamaza kidogo. “Baba yako alikuwa mshika kamba ya kupimia. Mama yako alimwambia, ‘Unatuzikia chakula.’ Hawakusemezana siku nyingi.”

Msomaji, mimi nilizaliwa katika nyumba hiyo. Ubishi niliousafiria hadi Dar es Salaam ulianzia jikoni kwetu, na wazazi wangu wamekwenda kaburini bila mimi kuwauliza.

Wanafunzi wangu wengi ni walimu leo, na huenda bado wanafundisha nilivyowafundisha. Kwao naandika haya. Ukikuta jambo katika jalada la kale, usiseme hapa ndipo lilipoanza. Sema hapa ndipo lilipopata karatasi. Kisha funga jalada, uende ukawaulize wazee, wangali hai.