Kinachosisimka si Msuli

Kurasa za michezo zina kifungu kimoja kilichozoeleka mpaka hakuna anayekitazama tena: dawa za kusisimua misuli. Mwanariadha akifungiwa kwa kutumia EPO, kosa lake ni dawa za kusisimua misuli. Akikutwa na steroidi, ni hizo hizo. Wengine husema kututumua misuli, na magazeti ya Kenya yana neno lao fupi, pufya. Lakini EPO haina kazi na msuli. Inauchochea uboho utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi ili damu ibebe oksijeni nyingi zaidi. Steroidi nazo hukuza msuli, na kukuza si kusisimua. Kitenzi tunacho, ila dawa zenyewe haziendani nacho. Ukitafuta inayosisimua kweli, utaikuta kwenye kikombe cha kahawa, na hata hapo kinachosisimka si msuli.

Dawa hiyo ni kafeini. Mkemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga mwaka 1819, baada ya mshairi Goethe kumpa punje za buni na kumshawishi azichunguze. Wahaya wa Bukoba hawakuhitaji maabara ili waijue kazi yake. Buni yao ya robusta huchemshwa, hukaushwa, kisha hutafunwa, na mgeni hukaribishwa kwayo. Robusta ina kafeini inayokaribia maradufu ya arabika, kwa hiyo anayeitafuna hapati kitu hafifu.

Je, inaongeza nguvu? Hapa ndipo neno letu linapotuchanganya, maana nguvu ya Kiswahili imebebeshwa mizigo mingi. Anayenyanyua gunia mara moja ana nguvu, na anayelima tangu alfajiri hadi adhuhuri ana nguvu. Kinywaji cha kopo dukani nacho kinaitwa cha kuongeza nguvu. Wataalamu wa mazoezi hutenganisha mambo hayo. Kuna nguvu ya mkupuo, ile ya kunyanyua uzito mkubwa mara moja. Kuna ustahimilivu, ambao mashabiki wa mpira huuita stamina au pumzi. Na kuna nishati, inayotokana na chakula. Katika nishati kafeini haimo kabisa: kahawa chungu isiyo na sukari karibu haina kalori. Cha kuongeza nishati katika lile kopo ni sukari.

Katika nguvu ya mkupuo, kafeini husaidia kidogo. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta nyongeza ya takriban asilimia 4, iliyoonekana zaidi kwenye misuli ya mapaja inayonyoosha goti. Kwenye ustahimilivu ndiko inakong'ara. Mwaka 1978 David Costill na wenzake huko Indiana, Marekani, waliwapa waendesha baiskeli miligramu 330 za kafeini saa moja kabla ya kupanda. Bila kafeini, waliishiwa baada ya dakika 75 hivi. Walipoinywa, walifika dakika 90. Costill alidhani inaufanya mwili uchome mafuta na kuihifadhi sukari ya misulini. Tafiti za baadaye zimeyaondoa maelezo hayo kwenye msuli na kuyapeleka kichwani.

Mtu akiwa macho na akifanya kazi, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni na kukaa kwenye vipokezi vyake, na hapo ndipo anapoanza kulegea. Kafeini imefanana nayo kwa umbo. Inawahi kukalia vipokezi hivyo kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba: kiti kimejaa, lakini mwenye kutoa amri hajaketi. Adenosini ipo, ila ujumbe wake haufiki.

Kiswahili kina namna nzuri ya kulisema hili. Tunasema nasikia uchovu, kama tunavyosema nasikia njaa au nasikia usingizi. Msuli kuchoka ni jambo moja, mwenye msuli kuusikia uchovu ni jambo jingine. Msweden Gunnar Borg aliunda kipimo cha kusikia huko, kinachoanzia 6 na kuishia 20, ambapo anayefanya mazoezi hutaja mwenyewe namba ya ugumu anaousikia. Aliyekunywa kafeini hutaja namba ndogo kwa kazi ile ile.

Upande wa pili nao una hoja yake. Msuli wa chura ukichovywa maabara kwenye kafeini nzito hujikunja wenyewe, kwa kuwa kafeini hufungua milango ya kalisi ndani ya chembe zake. Huko ndiko kusisimua misuli kwa maana kamili. Ila mtu angekufa kabla damu yake haijafikia uzito huo wa kafeini.

Wanywa kahawa wa barazani walishalitatua jambo hili la jina zamani. Hakuna anayeweka kikombe chini na kusema kahawa imenisisimua misuli. Husema imenichangamsha. Kitenzi hicho kinamtaja mtu mzima, akili na mwili, na kutoka humo tunapata jina lililo tayari kwa kazi, kichangamshi. Humo zitaingia kafeini na amfetamini. Steroidi ziitwe dawa za kukuza misuli, EPO iitwe ya kuongeza chembe za damu, na zote kwa pamoja, inapobidi, dawa zilizokatazwa michezoni.

Jina hilo la mwisho lina faida ya kukiri kwamba marufuku ni uamuzi wa watu. Hadi mwisho wa mwaka 2003, mwanamichezo aliyekutwa na zaidi ya mikrogramu 12 za kafeini kwa kila mililita ya mkojo alikuwa na kosa. Tarehe 1 Januari 2004 kafeini ikaondolewa kwenye orodha, ingawa WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, bado inaifuatilia. Usiku ilikuwa ya kusisimua misuli, asubuhi ikawa kahawa.

Usahihi huu wa maneno una maslahi kwa anayefanya mazoezi. Kiasi kinachosaidia ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili, saa moja hivi kabla, yaani 210 hadi 420 kwa mtu wa kilo 70. Ikifika miligramu 9 kwa kila kilo faida haiongezeki, ila mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, na usingizi hupotea, kwa kuwa baada ya takriban saa tano nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini. Kijana aliyesoma kwenye kopo kwamba inaongeza nguvu ana sababu ya kunywa mawili, kwani nani hataki nguvu zaidi? Aliyeambiwa kwamba inapunguza kuusikia uchovu atajua kwamba uchovu wenyewe haujaondoka.