Dell, Moto wa Osaka na Funzo la Blogu ya Biashara

Leo naweka kando mambo ya programu, tuangalie historia kidogo.

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja alinipigia simu. Anauza vifaa vya umeme wa jua, na tovuti yake niliitengeneza mimi. Sasa anataka blogu. "Fundi, niwekee hiyo blogu, halafu uniambie niandike nini." Kuiweka ni kazi ya nusu saa. Hilo jambo la pili ndilo lililonikaa moyoni, kwa sababu niliwahi kuulizwa zamani na nikatoa jibu baya. Nitawaeleza. Lakini kwanza tuanze na wakubwa.

Biashara kumwandikia mteja si jambo lililoletwa na intaneti. Mwaka 1895 kampuni ya John Deere ya Marekani, watengenezaji wa plau, ilianza kutoa jarida la wakulima liitwalo The Furrow. Mkulima alisoma habari za ukulima, na jina la kampuni likamkaa kichwani. Jarida hilo lingali linachapishwa. Kwetu sisi watengenezaji wa programu mfano wa karibu zaidi ni Joel Spolsky. Mwaka 2000 alianzisha kampuni ya Fog Creek Software huko New York, na mwaka huohuo akaanza kuandika Joel on Software. Aliandika kuhusu kuajiri, kupanga ratiba na makosa ya kazi yetu. Waliokuja kusoma hayo ndio hasa watu ambao wangeweza kununua FogBugz, programu yake ya kufuatilia hitilafu.

Hao wawili walianza kwa hiari. Dell ilifika huko ikisukumwa.

Michael Dell alianza biashara yake mwaka 1984 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Austin, Texas. Ujanja wake ulikuwa kumuuzia mteja moja kwa moja, bila duka katikati. Bei ikashuka na kampuni ikawa kubwa sana. Lakini fikirieni upande wa pili: kama hakuna duka, kompyuta ikiharibika mteja anakwenda wapi? Hana mwenye duka wa kumlalamikia. Ana simu tu, na yule atakayeipokea.

Juni 2005 Jeff Jarvis, mwandishi wa habari mwenye blogu iitwayo BuzzMachine, alinunua laptopu ya Dell. Alilipa pesa za ziada ili ikiharibika fundi aje nyumbani. Ikaharibika. Akaambiwa fundi akija hatakuwa na vipuri, afadhali aitume kiwandani. Aliporudishiwa, bado ilikuwa mbovu. Jarvis akaandika yote kwenye blogu yake kwa hasira, na wengine wengi wakaja kusimulia yao. Kisa hicho kikajulikana kama Jehanamu ya Dell. Mwishowe alirudishiwa pesa, akanunua Apple, na Agosti mwaka huo akawaandikia wakubwa wa Dell barua ya wazi. Muda wote huo kampuni haikumjibu hadharani.

Julai 2006 Dell ikafungua blogu yake, ambayo baadaye iliitwa Direct2Dell. Makala za mwanzo zilikuwa za kujisifu, na wanablogu, Jarvis akiwemo, wakaikosoa vikali. Ingeweza kufa hapo.

Kilichoigeuza ni moto. Mwezi mmoja kabla, laptopu ya Dell ilikuwa imewaka kwenye mkutano mjini Osaka, Japani, na picha zake zilikuwa zimezagaa kote mtandaoni. Msimamizi wa blogu, Lionel Menchaca, angeweza kunyamaza. Badala yake aliandika kuhusu laptopu hiyohiyo na kusema uchunguzi ungali unaendelea. Tarehe 14 Agosti 2006 Dell ikatangaza kurudisha betri milioni 4.1 zilizokuwa na seli za Sony. Hakuna kampuni ya vifaa vya elektroniki iliyokuwa imewahi kurudisha bidhaa nyingi namna hiyo. Wateja walikuwa na maswali mengi, na safari hii walikuwa na mahali pa kuuliza wakajibiwa.

Februari 2007 wakaongeza IdeaStorm, mahali pa wateja kuleta mapendekezo. Wengi waliomba Linux, na Mei mwaka huo Dell ikaanza kuuza kompyuta zenye Ubuntu. Oktoba 2007 Jarvis mwenyewe aliandika katika BusinessWeek kwamba Dell imejifunza kusikiliza.

Msinielewe vibaya. Blogu peke yake haikurekebisha kitu. Dell ilitumia mamilioni ya dola kuboresha huduma kwa wateja. Maneno matamu bila hiyo kazi yangekuwa kelele tu. Blogu ilikuwa mlango ambao lawama ziliingilia, na majibu yakatokea hapohapo.

Sasa nije kwa aibu yangu. Mwaka 2009 nilimtengenezea blogu mzee mmoja muuza samani hapa Nairobi. Tuliandika juu ya ubora wa mbao zake, punguzo la bei na salamu za sikukuu. Kwa miezi mitatu hakuna aliyesema neno. Halafu siku moja mama mmoja akaandika kwamba mlango wa kabati lake umelegea kabla ya mwezi kuisha, na akipiga simu haipokewi. Mzee akaniambia, "Kijana wangu, hebu futa hayo." Nikamjibu, "Sawa, mzee," nikabonyeza kitufe. Nilikuwa nimesoma habari za Dell zote, tena nilizipenda, lakini pesa yangu ya mwezi ilikuwa bado haijalipwa.

Yule mama hakurudi, wala hakuna mwingine aliyewahi kuandika. Makala ya mwisho ilikuwa ya kuwatakia watu Krismasi njema. Hadi leo huwa najiuliza ingegharimu nini kumtuma fundi na bisibisi, kisha kuandika mistari mitano: kabati lililegea, tumelikaza, bawaba tumebadilisha. Huenda ingekuwa makala pekee ya maana katika blogu ile.

Kwa hiyo huyu wa umeme wa jua nimemwambia aanze na maswali anayoulizwa dukani kila siku. Kwa nini betri inakufa mapema? Paneli moja inatosha friji? Bei aiweke, lakini isiwe ndiyo habari yote. Na siku mteja akija na lawama, asiniombe nifute. Ajibu kwa jina lake, aseme atafanya nini, kisha akifanye.

Alinyamaza kidogo kwenye simu, akauliza, "Na kama kosa ni langu kweli?"

Nikamwambia hiyo ndiyo ataandika kwanza.