Bruges Inapendeza kwa Sababu Ilisota

Wacha niseme kitu ambacho najua wengine mtakipinga: ule mji wa Ulaya unaokaa kama kadi ya posta, saa zingine ni mji uliofilisika tu, ukakosa hata pesa ya kujibomoa.

Mfano wangu ni Bruges, Ubelgiji. Tulipita huko na binamu yangu tukitoka Hamburg kwenda Paris kwa gari, na hiyo ni safari ya siku nzima, kwa hivyo tukasimama masaa machache kunyoosha miguu. Mifereji, nyumba za matofali zenye paa za ngazi, farasi wakivuta watalii. Kila mtu ni selfie, na sentensi ni ile ile: "Wazungu wanajua kutunza vitu vyao." Hapo ndipo ninakataa.

Bruges ilikuwa na pesa. Mwaka wa 1134 dhoruba ilipasua pwani na kufungua mkono wa bahari unaoitwa Zwin, meli zikapata njia ya kusogea karibu na mji. Kufikia 1277 meli za Genoa zilikuwa zinafika. Sufu ilitoka Uingereza, vitambaa vikatoka Flanders. Mabazenga wa Italia walikuwa wakikutana mbele ya nyumba ya wageni ya familia ya Van der Beurze kupanga bei na kubadilisha pesa. Wengi wanaamini jina la familia hiyo ndilo lililozaa neno ambalo Wafaransa na Wajerumani wanatumia hadi leo kwa soko la hisa, bourse na Börse.

Halafu mambo yakaenda mrama. Kwanza Zwin ikaanza kujaa mchanga, meli kubwa zikashindwa kuingia. Pili, siasa. Mwaka wa 1488 wenyeji walichoka na kodi na vita vya mtawala wao, Maximilian wa Austria. Wakamkamata, wakamfungia mjini zaidi ya miezi mitatu, na mtu wake wa karibu, Pieter Lanchals, wakamkata kichwa. Maximilian hakusahau. Aliwaamuru wafanyabiashara wa kigeni wahamie Antwerp, na pesa zikawafuata.

Kufikia karne ya 19 Bruges ilikuwa kati ya miji maskini kabisa ya Ubelgiji. Wanawake na wasichana wadogo walikuwa wakiinama kutwa nzima kutengeneza lesi kwa malipo duni. Ile lesi tunayomnunulia mama kama zawadi ilitoka kwenye njaa.

Sasa linganisha na Brussels, mji uliokuwa na pesa. Kati ya 1867 na 1871 walifunika mto wao, Senne, wakabomoa mitaa ya maskini na kujenga barabara pana. Bruges haikuwa na hiyo bajeti, kwa hivyo nyumba za kale zikabaki zimesimama.

Baadaye ndipo watu walianza kuona urembo. Mwaka wa 1892 Georges Rodenbach aliandika riwaya iliyouita mji huo mfu, na wageni wakaja kuuona huo ufu. Wenyeji wakashtuka kwamba ukale unauza, wakaanza kukarabati, na hata kuongeza. Daraja la Bonifacius, ambalo kila mtu analipiga picha akidhani ni la kale sana, lilijengwa karibu 1910. Bandari mpya, Zeebrugge, ilifunguliwa 1907 na Leopold wa Pili, ambaye wakati huo bado aliihesabu Kongo nzima kuwa mali yake binafsi. Waliijenga huko ufuoni, mbali na mji mkongwe. UNESCO ikauorodhesha mji 2000.

Mwaka uliofuata, 2001, Mji Mkongwe wa Lamu uliingia orodha hiyo hiyo. Lakini Lamu tukiona vichochoro vya punda tunasema imebaki nyuma. Bruges tukiona farasi tunasema ustaarabu. Aki, tuache hiyo.

Bandari mpya ya Lamu nayo ilifunguliwa 2021, na watu wa Lamu hawafai kungoja wasote karne nne ndio mji wao uheshimiwe. Kutunza milango na nyumba za mawe ni uamuzi wa leo, na wenye hizo nyumba wawe wa kwanza kula, si wa mwisho. Kuta zikipendeza na wenyewe walale njaa, hapo tutakuwa tumeiga ile Bruges ya lesi.