Maji ya Bwawa Hupweshwa, Bwawa Halikaushwi

Limezoeleka neno "kukausha bwawa" kwa kazi ya kuondoa maji katika bwawa la kuogelea la nyumbani, na wapo waliokwisha kulipitisha mezani kana kwamba shauri limekwisha. Silikubali. Kukausha ni kuondoa unyevu katika kitu: nguo hukaushwa, dagaa hukaushwa, mahindi hukaushwa. Kitenzi hiki hukitazama kile kilicholowa. Maji yenyewe hakiyajali, na nguo ikishakauka hakuna aulizaye maji yake yamekwenda wapi. Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, lina lita 75,000. Kazi nzima ya uani ni kujua lita hizo zitaelekea wapi: kwenye msingi wa nyumba, kwa jirani, au mahali palipoandaliwa. Istilahi isiyoyataja maji imeiacha kazi yenyewe nje.

Ninalolitetea ni kupwesha, na nomino yake upweshaji. Pwa ni katika vitenzi vyetu vikongwe vya silabi moja, ndugu wa la, fa na nywa. Ndiyo maana husemwa "maji yanakupwa", ku ikibaki kama inavyobaki katika "anakunywa". Kutokana nacho tumepata pwani, pahali ambapo maji hujaa na kupwa. Na kama nywa inavyozaa nywesha, ndivyo pwa inavyozaa pwesha, bila kuazima kiambishi wala kuvunja kanuni yoyote. Uzuri wake hauishii katika sarufi. Maji yanayokupwa huondoka hatua kwa hatua, huwa na mahali yanapoelekea, na huwa na kiasi: wakati wa bamvua hurudi mbali, wakati wa maji mafu husogea kidogo tu. Fundi anaweza kuambiwa apweshe nusu, au apweshe hadi ngazi ya pili, naye akaelewa. Hakuna anayekausha nusu ya shati.

Upole huo wa kitenzi una maana kubwa kuliko wanavyodhani waliolipuuza neno hili. Katika viwanja vya karibu na bahari, Dar es Salaam au Mombasa, maji ya ardhini hupanda sana wakati wa masika. Yakisimama mita 1 juu ya sakafu ya bwawa yenye mita za mraba 50, huisukuma kwenda juu kwa nguvu sawa na uzito wa tani 50. Maji ya ndani ndiyo yanayoikandamiza. Yakitolewa yote, sakafu ya zege inaweza kupasuka, na bwawa la fiberiglasi likang'oka zima. Fundi aliyeambiwa "kausha" atamaliza hadi tone la mwisho, na atakuwa ametii neno alilopewa.

Hupingwa kwamba kamusi nazo huieleza pwa kwa kukauka. Ni kweli, lakini ni kukauka kwa maji yanayoondoka mahali pake. Maana hiyo inaniunga mkono. Hupingwa pia kwamba neno ni la pwani na watu wa bara hawatalielewa, ilhali wanafunzi wa bara nao hufundishwa kujaa na kupwa katika jiografia. Na anayesema kupwa hakuna mtendaji amesahau kazi ya -esha, ambayo ni kumleta huyo mtendaji. Ama "kumwaga", hilo ni la ndoo.

Kwa matumizi: pwesheni wakati wa kiangazi, klorini ikiwa imeachwa ipungue juani na kupimwa, mpira ukielekezwa kwenye mteremko ulio mbali na msingi, polepole kiasi ambacho udongo unaweza kunywa, na kamwe si katika tangi la maji taka, ambalo bakteria wake huuawa na klorini.