Uvundo Ulipofika Bungeni

Kila mwaka nifundishapo historia ya miji, wanafunzi huniambia kuwa London ilijenga mabomba ya majitaka kwa sababu ya kipindupindu. Kipindupindu cha 1848–49 kiliua watu zaidi ya 14,000 jijini humo, na mabomba hayakujengwa. Kilichowaamsha wakubwa ni kiangazi cha 1858: uvundo wa mto Thames uliingia Bungeni, mapazia yakalowekwa dawa ya chokaa, na sheria ikapitishwa ndani ya siku 18.

Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga kilomita 132 za mifereji mikuu ya chini kwa chini. Ni kazi ya kusifiwa, sibishi. Ila mifereji hiyo haikusafisha chochote. Iliuhamisha tu uchafu hadi mashariki ya jiji, ukamwagwa mtoni humo humo. Septemba 1878 meli iitwayo Princess Alice ilizama jirani na midomo ya mifereji hiyo, muda mfupi baada ya majitaka kufunguliwa. Walikufa watu zaidi ya 600. Katika miaka ya 1880 jiji likaanza kutenganisha tope na maji, na tope lenyewe likapakiwa melini na kutupwa baharini, desturi iliyodumu hadi 1998.

Dar es Salaam, masika yakianza, wapo watapishao vyoo usiku, majitaka yakashuka bondeni kwa jirani. Tunawaita wachafu, na tunataka washtakiwe. Lakini bomba la katikati ya mji, linalohudumia ofisi zetu, nalo limemwaga baharini kwa miaka mingi, na sijasikia aliyefikishwa mahakamani.