Mivukuto ya Kamera

Kwenye meza za mitumba za Muthurwa, chochote chenye lenzi na kutu kidogo huitwa "kamera ya zamani". Jina hilo halimsaidii mnunuzi. Chukua Ikonta ya Zeiss Ikon, iliyotoka Ujerumani mwaka 1929. Ikifungwa, inaingia kwenye mfuko wa koti. Bonyeza kitufe, mlango unashuka na lenzi inasimama yenyewe, ikivuta nyuma yake ngozi yenye mikunjo. Ngozi hiyo tuiiteje?

Aliyekulia kwenye ngoma ya mwomboko ataiita kodiani. Muthurwa, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli, umezoea maneno ya kuletwa: reli, stesheni, injini. Hayo yalifika pamoja na vitu vyake, sina kinyongo nayo. Lakini hapa mhunzi alishatangulia: ana mivukuto, na kuvukuta ndiyo kazi yake. Utasema ya mhunzi husukuma hewa, ya kamera huzuia mwanga tu. La. Fungua kamera hiyo kwa pupa uone: mivukuto inafyonza hewa, na mfyonzo huo huibinua filamu kutoka mahali pake, picha ikakosa ukali. Ndiyo maana wazoefu hufungua kwanza, ndipo wakasogeza filamu.

Kamera nzima, hata hivyo, siwezi kuiita "ya mivukuto", kwani zile kubwa za studio zenye miguu mitatu nazo zina mivukuto. Iwe "kamera ya kukunja", kisha utaje aina: ya kusimama yenyewe au ya kuvutwa kwa mkono, ya kukadiria umbali kwa jicho, au yenye kipimaumbali kilichounganishwa na lenzi, kama Super Ikonta ya 1934 na Moskva-5 ya Wasovieti iliyoifuatisha. Filamu yake mara nyingi ni 120, ya tangu 1901 na bado inatengenezwa: picha 8 za sentimita 6×9, au 12 za 6×6. Namba zake husomwa kwenye kidirisha chekundu mgongoni.

Mwanga ukipenya kwenye mikunjo, sema mivukuto inavuja. Ni rahisi kupima: ingia gizani, weka tochi ndani, tazama pembe za mikunjo, maana huko ndiko hutoboka kwanza. Ukiikuta Muthurwa, muulize muuzaji kama mivukuto inavuja. Akikujibu kwamba imeisha betri tu, endelea kushusha bei.